Siku Bi Glenys Alipokuja Kumwona Kangaruu

Marnie Schirmer alibadilisha shati mara kadhaa asubuhi ile, ingawa mashati yote yalikuwa sare ya kazi na yote ya kaki. Moja lilikuwa na doa la maziwa ya kumlishia mtoto wa wombati, mnyama mnene mchimba mashimo. Jingine kifungo kimelegea. Jingine lilimbana kifuani, naye hakutaka mama mkwe mtarajiwa apate la kusema. Mwishowe akarudia lile lenye doa, akalikwangua kwa kucha, akatoka.

Alimwogopa Bi Glenys Pengelly kuliko alivyowahi kuogopa nyoka, na bustani ya wanyama ya Wirrabeen ilikuwa na nyoka wa kutosha.

Kwa miaka miwili mama huyo hakumsemesha. Wakikutana dukani mjini, Bi Glenys hugeuza toroli lake na kurudi kwenye rafu za sabuni alikotoka. Walipokutana kanisani siku ya Krismasi, alimpita kana kwamba amepita nguzo. Na huyu ndiye mama yake Darcy, mwanamume ambaye Marnie alimpenda mpaka akawa anajicheka mwenyewe. Darcy mwenye mabega ya kubebea kondoo na sauti ya kubembelezea. Darcy aliyemvisha pete mwezi wa nne, na tangu hapo akawa anaisogeza harusi mbele kwa maneno yaleyale: "Ngoja kwanza mama alainike, mpenzi. Ngoja tu."

Marnie alingoja. Mwanamke anayependa ana subira ya ajabu, na watu wa kuichezea subira hiyo hawakosekani.

Basi Jumapili iliyopita Darcy alikuja na habari.

"Mama anakuja Jumamosi. Huku bustanini."

Marnie nusura aangushe ndoo. "Kuniona mimi?"

Darcy alijikuna shingo. "Kumwona kangaruu."

Marnie hakuuliza kangaruu yupi.

Katika nchi ile ya ngano na kondoo, kaskazini mwa Adelaide, ukimkuta kangaruu jike amegongwa na gari unasimama. Hata mkulima anayewalaani kangaruu kutwa kucha kwa kumlia ngano yake husimama. Unampapasa mfukoni, maana mama huweza kufa na mtoto akabaki mzima humo ndani, anahema. Ukishakagua, unaupulizia mzoga msalaba wa rangi ubavuni, ili wenye magari watakaofuata wasisumbuke kusimama tena. Marnie ndiye aliyekuwa akipokea simu za namna hiyo kwa eneo zima. Mtu akiuona mzoga anampigia yeye, naye anampigia aliye karibu akaukague.

Jioni ya fainali ya mpira, miaka miwili nyuma, alipigiwa simu kuhusu jike aliyelala kando ya barabara ya Burra. Aliye karibu alikuwa Darcy. "Naenda, mpenzi," Darcy alimjibu, akakata simu. Lakini aliyekwenda ni baba yake, mzee Merv. Alimtoa mtoto mfukoni, kiumbe chekundu kisicho na unywele hata mmoja, akamviringisha kwa sweta lake na kumlaza kwenye kiti cha gari. Kisha akakumbuka msalaba. Akachukua kopo la rangi aliyokuwa akiwekea kondoo alama, akarudi barabarani, akainama. Dereva wa lori alisema hakumwona kabisa.

Mtoto wa kangaruu aliishi. Marnie alimlea kwa chupa, ndani ya foronya iliyoning'inia kwenye kitasa cha mlango wa jikoni, na mara nyingi alimlisha huku machozi yakimtoka. Darcy alimwambia kwamba mzee alizishika funguo mwenyewe siku ile, hakuzuilika. Marnie hakumchimba zaidi. Mtu akilia kama Darcy alivyolia, huwezi kumhoji. Unamkumbatia tu.

Kwa hiyo Marnie aliamini Bi Glenys anamchukia kwa sababu yeye ni mtu wa kangaruu, na kangaruu ndiye aliyemponza mumewe. Hakumlaumu. Alisubiri tu siku ambayo chuki hiyo ingechoka, akaona huenda ndiyo hii.

Walifika asubuhi jua likiwa limeshaanza kuchoma na nzi wakiwa wameshaamka. Bi Glenys alishuka garini amevaa kofia ya kanisani, mkoba umebanwa kwapani, na mkono wa pili kashika chupa ya chai aliyotoka nayo nyumbani. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye macho ya buluu yasiyopepesa. Darcy alitembea nyuma yake amejikunyata, mwanamume mzima wa futi sita.

"Karibu sana, Bi Glenys," Marnie alisema.

"Nimeshakaribia." Macho ya buluu yalimshuka Marnie kutoka kichwani, yakasimama kwenye doa. "Hilo ni nini, maziwa?"

"Ya wombati. Tuna yatima mmoja."

"Mna yatima wengi humu."

"Ndiyo kazi yenyewe, Bi Glenys."

"Hm," alisema Bi Glenys.

Darcy alijichekesha. "Mama, unataka chai kwanza? Kuna mkahawa pale, pai zao za nyama..."

"Chai ninayo. Hawa wa mikahawa hawajui kuichemsha. Twende."

Wakaenda. Njiani walipita kwa emu, ndege warefu kama mbuni, ambao muda huohuo walikuwa wamemzingira mgeni mmoja aliyekuwa akiongea na simu na kumpokonya chipsi zake bila haya. Walipita chini ya mikaratusi ambako koala wawili walilala wamekumbatia matawi, mmoja kaachia mguu unaning'inia.

"Hawa wanafanya nini kutwa?" Bi Glenys aliuliza.

"Wanalala," Marnie alijibu. "Majani yao hayana nguvu. Wakiamka wanakula, wakila wanachoka."

"Namjua mtu wa hivyo," alisema Bi Glenys, akamtupia jicho mwanawe, na kwa sekunde moja Marnie akaona kitu kinachotaka kuwa tabasamu. Moyo ukamruka. Jamani, mama huyu anajua kutania!

Darcy alimminya Marnie kidole kwa siri. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

Kwenye tundu la kasuku weupe, mmoja mzee aliyepauka alinyanyua shungi lake la manjano akamrushia Bi Glenys tusi zito la nguoni, waziwazi, kwa sauti ya mlevi. Marnie alitamani ardhi immeze.

"Huyu kalelewa wapi?" Bi Glenys aliuliza bila kustuka.

"Kwa wanyoa kondoo. Walikuwa naye bandani miaka mingi, samahani sana, tulijaribu kumfundisha..."

"Mwacheni. Angalau yeye analisema lake."

Alisema hivyo huku akimtazama Marnie usoni, na lile lililotaka kuwa tabasamu lilikuwa limeshapotea. Marnie alihisi kuna jambo analodaiwa asilolijua. Akamgeukia Darcy, na Darcy akawa anasoma kibao cha maelezo ya kasuku kama mtu anayejiandaa na mtihani.

Kwenye uwanja wa kangaruu kulikuwa na benchi chini ya mti. Kangaruu walikuwa wamejinyoosha vivulini, wengine wamejilaza kwa kiwiko kama wazee wa barazani. Marnie aliita kwa kugonga ubavu wa ndoo. Mmoja akainuka, jike la kijivu lenye sikio lililokatika ncha, akaja kwa miruko mifupi isiyo na haraka. Tumbo lake lilikuwa limejaa, na kwenye mdomo wa mfuko kilichomoza kimguu chembamba kikachezacheza na kuingia ndani.

"Ndiye huyu," Marnie alisema.

Bi Glenys aliiweka chupa ya chai kwenye benchi.

"Mnamwitaje?"

"Clover."

"Clover." Alilirudia jina lile kama mtu anayeonja dawa. "Merv yuko chini ya udongo, na huyu anaitwa Clover. Naye ana mtoto?"

"Wa kwanza. Anachungulia wiki hii tu."

"Nipe hicho chakula."

Marnie alimmiminia kiganjani. Bi Glenys aliinama, goti likalia, akanyoosha mkono. Clover akaushika mkono ule kwa vimikono vyake viwili vyeusi, akazila zile punje taratibu, huku akimwangalia mjane yule kwa macho makubwa ya kope ndefu. Bi Glenys alianza kutetemeka mabega. Marnie alitaka kumshika, akaogopa. Darcy alikuwa hapo, mwanawe wa pekee, na hakusogea.

"Nilidhani nitamchukia," Bi Glenys alisema hatimaye. "Nilikuja nikiwa tayari. Nimekaa usiku nikipanga nitakavyomchukia. Sasa unamchukiaje mnyama kama huyu? Yeye alijua nini?" Alijifuta uso kwa ukingo wa mkono, akajiinua, akaketi. "Kaa hapa, Marnie."

Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja jina. Marnie akaketi.

"Nina maneno machache, na mimi si mtu wa kuzunguka. Nimechoka kukuchukia. Kuchukia kunachosha kuliko kunyoa kondoo. Unaamka na chuki, unalala nayo, na Merv harudi. Mwanangu anakupenda, hilo naliona, hata kipofu angeliona. Nyumba ya pale kijitoni iko tupu. Nitawapa. Harusini nitakuja, na keki nitaioka mwenyewe, sitaki keki ya dukani."

"Bi Glenys, sijui niseme..."

"Sijamaliza. Nataka neno moja kutoka kwako. Miaka miwili nimelingoja. Mji mzima umenipa pole, mpaka yule dereva wa lori alikuja akapiga magoti jikoni kwangu. Wewe hukuja."

Marnie alipigwa na butwaa. "Nilikuja! Siku ya mazishi. Darcy aliniambia hutaki kuniona, nikaheshimu..."

"Nisingetaka siku ile, kweli. Lakini baadaye?" Sauti ya Bi Glenys haikupanda. Ingepanda ingekuwa afadhali. "Ulimpigia simu mume wangu. Mtu wa miaka sitini na nane, goti bovu, macho ya jioni hayaoni. Ukamtoa mezani, chakula kimeachwa kwenye sahani, akapekue mzoga barabarani. Mimi nilikuwa kwa dada yangu. Nimerudi nimeikuta sahani. Sitaki kingine. Niambie tu hivi: Glenys, nisamehe kwa kumpigia Merv. Ukisema hivyo, yamekwisha. Naapa, sitalitaja tena mpaka nizikwe."

Marnie hakuwahi kumpigia Merv Pengelly simu hata siku moja maishani mwake.

Akamtazama Darcy.

Darcy alikuwa amevua kofia, anaizungusha mikononi, inazunguka, inazunguka. Kisha akainua macho. Wapenzi husomana macho, ndiyo raha yao, na siku ile ilikuwa adhabu. Yalikuwa yanamwomba. Yalikuwa yanasema, beba, Marnie, nibebee hili.

"Bi Glenys," Marnie alisema, na alijishangaa jinsi sauti yake ilivyotulia, "chakula kimeisha. Nipe dakika chache nilete kingine. Darcy, njoo unisaidie ndoo."

Nyuma ya stoo ya chakula kulikuwa na harufu ya majani makavu. Marnie aliiweka ndoo chini.

"Ulimwambia nini mama yako?"

"Marnie, tulia kwanza."

"Nimetulia. Ulimwambia nini?"

Darcy alijipangusa jasho. "Siku ile ya mazishi alinishika hapa, kwenye koti. Akaniuliza nani aliyemtoa baba nyumbani. Alikuwa ananitazama, we unamjua anavyotazama. Jina lako likatoka lenyewe."

"Likatoka lenyewe. Lina miguu?"

"Nilidhani ni la siku moja! Nilisema nitamweleza akitulia. Kisha kila siku ikawa ngumu kuliko ya jana."

"Na mimi ulinieleza mzee alizishika funguo mwenyewe."

Darcy aliitazama ndoo.

"Darcy. Ulikuwa wapi?"

"Klabuni."

"Uliniambia 'naenda, mpenzi.'"

"Tulikuwa tumeshinda kombe, Marnie! Tangu niko mtoto hatujawahi kushinda kombe. Nilikuwa nimeshakunywa. Ungetaka niendeshe nimelewa? Nikampigia baba nyumbani, nikamwambia niendee, mara moja tu, si mbali. Akacheka. Alisema, haya kunywa, bingwa." Hapo sauti ikamvunjika, akaukinga uso kwa kofia. "Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Haya kunywa, bingwa."

Marnie alimpenda wakati ule. Hili lazima lisemwe, maana wengine wangedhani upendo ulikatika hapo. Haukukatika. Alimwona jinsi alivyoumia, akataka kumshika kichwa na kukilaza begani kwake kama alivyofanya usiku mwingi, bila kujua anabembeleza nini.

"Ungeniambia huwezi," alisema polepole. "Hilo tu. Ningempigia mwingine, ningeenda mwenyewe. Ulisema unakwenda, mimi nikatulia."

"Najua."

"Miaka miwili nimekuwa nikijilaumu kwa kupiga simu. Ulikuwa unaniona. Ulikuwa umekaa palepale kitandani unaniona."

"Najua, mpenzi. Najua." Alimshika mikono yote miwili. "Lakini sasa sikiliza. Umemsikia mwenyewe. Neno moja. Unasema nisamehe, yamekwisha, tunaoana baada ya mavuno, tuna nyumba pale kijitoni. Yeye akishakusamehe harudii, mama si mtu wa kurudia. Mimi nikimwambia ni mimi, atakufa, Marnie. Amebaki na mimi tu. Wewe utapoteza nini?"

"Nitapoteza nini?" Marnie alicheka, na cheko lile halikuwa na furaha hata chembe. "Kila Krismasi nitakaa kwenye ile meza kama mwanamke aliyemuua Merv. Watoto wangu watamwona bibi yao akinivumilia. Na wewe utakuwa unanipakulia viazi."

"Nitakulipa maisha yangu yote."

"Sitaki unilipe. Nataka umwambie. Sasa hivi, nikiwa pembeni yako. Nitakushika mkono. Atalia, atakutukana, pengine atakupiga kofi mbele ya kangaruu. Kisha atakusamehe, Darcy. Mimi si kitu kwake, na yuko tayari kunisamehe. Wewe uliyetoka tumboni mwake atashindwaje kukusamehe?"

Darcy akavaa kofia yake, akavuta pumzi. "Sawa."

"Kweli?"

"Sawa. Nitasema."

Marnie akambusu shavuni, shavu lenye chumvi. Aliinua ndoo, na njia nzima ya kurudi alihisi mwepesi. Akawaza kwamba siku moja wangeisimulia habari hii na kulia pamoja, na kwamba mwanamume anayeweza kusema jambo kama hili anafaa kuzeeka naye.

Bi Glenys alikuwa amejimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa. Clover alikuwa amelala miguuni pake.

Darcy alisimama mbele ya mama yake. Marnie aliuingiza mkono wake kwenye wa Darcy, akaukaza.

"Mama," Darcy alisema.

"Ee, mwanangu."

Bi Glenys alimwinulia uso, na uso ule mkavu ukawa laini ghafla, kama nyuso za akina mama zinavyokuwa kwa mtoto wa kiume aliyebaki. Darcy alimeza mate. Midomo ilicheza.

"Mama, hilo jua linakupiga. Sogea huku kivulini."

Mkono wa Marnie ulibaki ndani ya mkono wake kidogo, kwa mazoea tu. Kisha akautoa.

Aliketi kwenye benchi. Hakumtazama Darcy tena. Aliitazama mikono ya Bi Glenys, ilivyokauka, ilivyopasuka kwa kazi, na ilivyokuwa bado na punje za chakula cha kangaruu. Mama huyu alikuwa amedanganywa kama yeye, na mtu huyohuyo. Angeweza kumwambia. Maneno yalikuwa pale kwenye ulimi, makali, na yangemfaa. Lakini alijua yakitoka kinywani mwake, Bi Glenys asingeyaamini. Angeona ni msichana mwenye makosa anajikosha kwa kumpaka mwanawe.

"Bi Glenys," alisema. "Jioni ile simu niliipiga mimi. Ningenyamaza, Merv angemaliza chakula chake. Kwa hilo, nisamehe."

Bi Glenys alifumba macho. Pumzi iliyomtoka ilikuwa ndefu, kama mtu anayetua mzigo uliomchubua mabega. Kifuniko cha chai kilimdondoka. Akamvuta Marnie kifuani kwake, kwa nguvu ambayo huwezi kuidhania kwenye mwili ule, akamng'ang'ania.

"Basi," alisema. "Basi, mwanangu. Yamekwisha. Ulikuwa unaokoa kitoto tu. Hukujua. Basi."

Marnie alilia kwenye shingo ya mama yule. Alikuwa hajamlilia Merv hivyo, na tangu mama yake mwenyewe afariki hakuna aliyemwita mwanangu. Jambo alilolitamani kwa miaka miwili alikuwa amelipata, na lilikuwa tamu kweli, na lilikuwa si lake.

Ndipo alipohisi mkono mzito begani. Darcy alikuwa amewakumbatia wote wawili.

"Familia yangu," alisema, na sauti yake ilijaa furaha. Marnie aliinua macho akamwona anatabasamu. Halikuwa tabasamu la aibu. Lilikuwa la mtu aliyeponea chupuchupu, akajipongeza. Hata alimkonyeza.

Marnie ameyasahau mengi ya siku ile, lakini ule mkonyezo hajausahau.

Aliuondoa mkono wa Darcy begani. Alijinasua kifuani kwa Bi Glenys kwa upole, akasimama, akaanza kuivuta pete. Vidole vilikuwa vimevimba kwa joto, ikamsumbua, akaiacha.

"Pete utaipata, Darcy, nikiosha mikono. Harusi hakuna."

"Unasemaje?" Bi Glenys aliuliza.

"Marnie!" Darcy alisema. Tabasamu lilimganda usoni.

"Ngoja, ngoja." Bi Glenys alisimama pia, anapepesuka. "Mbona sielewi. Mimi nimeshakusamehe. Hukusikia? Nimekusamehe kwa moyo wote."

"Nimesikia, mama. Nakushukuru, hujui tu ninavyokushukuru. Wewe umeweza. Mimi ndiye niliyeshindwa."

"Umeshindwa nini? Kumsamehe nani?"

"Muulize Darcy simu yangu ya jioni ile aliipokea nani."

Aligeuka akaondoka. Hakutaka kuona. Kwenye mikaratusi wageni walikuwa wameanza kujikusanya, maana huu ndio muda wake wa kuwaeleza habari za koala, na kipaza sauti kilikuwa kinamngoja kwenye ndoano yake. Nyuma yake alisikia sauti ya Bi Glenys, ya chini, ya kawaida kabisa.

"Darcy. Simu aliipokea nani?"

"Mama, twende garini. Jua kali."

"Nimekuuliza."

"Mama, tutaongea njiani..."

"Darcy Pengelly! Baba yako alitolewa mezani na nani?"

Marnie alizidi kutembea. Alikuwa karibu kufika kwenye mikaratusi. Watu walimwona anakuja, wakamwekea nafasi, mmoja akanyanyua simu yake tayari kupiga picha.

"Mimi, mama," sauti ya Darcy ilisema. Ilikuwa ndogo sana, lakini upepo uliileta yote. "Mimi ndiye niliyempigia."

Miguu ya Marnie ilisita. Aliungoja uchungu upungue, naye alidhani utapungua, kwa kuwa neno alilolitaka limesemwa. Haukupungua. Dakika chache tu nyuma angelipokea kwa mikono miwili na kumpa Darcy maisha yake yote. Sasa lilikuwa limetolewa kwa nguvu, kwa mtu mwingine, na kwake halikununua kitu. Na alikuwa bado anampenda, huo ndio ukatili wenyewe. Alimpenda kama jana, na hakumtaka tena.

Akafika kwenye mikaratusi. Akakichukua kipaza sauti, akakigonga kwa kidole kuona kama kinafanya kazi, akawakaribisha wageni.